Mteja na Teja: Uhakiki wa Lugha ya Katazo katika Pwani ya Malindi na Kilifi

UTANGULIZI

Mjadala kuhusu sheria zinazokataza vileo na dawa za kulevya aghalabu huachiwa wanasheria, madaktari, polisi na viongozi wa dini. Mtaalamu wa lugha huitwa mwishoni, pale inapotakiwa tafsiri ya bango la kampeni. Utaratibu huo una kasoro, kwa sababu katazo lolote, kabla halijawa faini au kifungo, huwa ni neno. Kitu hupewa jina, mtumiaji hupewa jina, na kwa majina hayo jamii huwa imekwisha kuamua nusu ya hukumu.

Makala haya yanakusudia kuhakiki baadhi ya maneno hayo kama yanavyotumika katika pwani ya Kenya, hususan Malindi na Kilifi. Eneo hili linafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa kuwa vitu vitatu vya aina mbalimbali vinakutana hapo. Kuna tembo la mnazi, ambalo ni zao la nyumbani. Kuna muguka, ambao hushuka kwa magari kutoka Mbeere katika Kaunti ya Embu. Na kuna unga, yaani heroini, ambao huingia kutoka ng'ambo ya bahari. Sheria imevitazama vitu hivi kwa macho matatu, na lugha nayo imevitazama kwa macho yake. Hoja ya makala haya ni kwamba lugha ya watu wa pwani imefaulu kumtenga mfanyabiashara na mgonjwa, lakini lugha ya katazo imeshindwa kufanya hivyo. Na gharama ya kushindwa huko hulipwa na mgonjwa.

1. TEMBO: KILEO CHENYE WENYEWE

Hapana kileo chenye msamiati mpana katika pwani hii kama tembo. Anayelitoa mtini ni mgema, kazi yake ni kugema, na mahali linaponywewa huitwa mangwe. Miongoni mwa Mijikenda, kadzama ya tembo hupelekwa kwa wazee wakati wa posa, wakati wa kusuluhisha ugomvi, na wakati wa kutaka shauri. Tembo humwagwa chini kwa ajili ya koma wa ukoo. Kwa hiyo kileo hiki hakikai nje ya sheria ya jamii. Kimo ndani ya utaratibu wenyewe wa kutoa haki.

Methali isemayo mgema akisifiwa tembo hulitia maji ni ushahidi wa jambo hili. Watumiaji wengi wa Kiswahili huitumia bila kuwazia kileo hata kidogo. Lakini tukiirudisha pale ilipozaliwa, tunaona kwamba methali haimlaumu mgema kwa kugema. Inamlaumu kwa kulichanganya na maji, yaani kwa kumdhulumu mnunuzi. Kipimo cha maadili hapa ni uaminifu wa bidhaa na wa mtu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba pwani nzima ilikuwa na sauti moja. Katika miji ya Waislamu kama Malindi na Mambrui, kileo ni haramu, na mafundisho hayo yana umri wa karne nyingi. Lililo muhimu kwa hoja yetu ni kwamba haramu ya msikitini na kadzama ya kayani zilikaa jirani. Haramu ni neno linalomfunga aaminiye kwa imani yake. Halikuhitaji polisi aende Kaloleni kukata minazi.

Katazo la serikali lilikuja kwa msamiati mwingine. Maafisa wa kikoloni walilalamika kwamba tembo liliwafanya Wagiriama wakatae kazi ya ajira katika mashamba ya walowezi na ya serikali. Hapo ndipo kileo kilipoanza kuitwa uvivu. Neno hilo halikupima afya ya mnywaji bali lilipima upungufu wa vibarua. Baada ya uhuru, Sheria ya Vileo vya Kienyeji ya mwaka 1971 iliendelea kuliweka tembo katika kundi la peke yake, mbali na bia ya chupa, na mwaka 1980 ikatungwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Sheria zote mbili zilifutwa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo iliviweka vileo vyote chini ya masharti ya leseni na ubora. Kwa muda wa karibu miaka 40, basi, tofauti kati ya mnywaji wa mangwe na mnywaji wa baa ya hoteli ya ufuoni haikuwa tofauti ya ulevi. Ilikuwa tofauti ya tabaka iliyovikwa joho la maadili.

2. MUGUKA: KILEO CHA MGENI

Mwezi Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Shariff Nassir, alitoa amri ya kupiga marufuku kuingizwa na kuuzwa kwa muguka katika kaunti yake. Gavana wa Kilifi, Gideon Mung'aro, alifuata kwa amri kama hiyo. Sababu zilizotolewa zilihusu afya, hasa ya vijana na watoto. Viongozi na wakulima wa Embu walipinga. Rais William Ruto alitangaza kwamba amri hizo hazina nguvu kwa kuwa zinapingana na sheria ya taifa, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha kwa muda.

Kisa hiki kina mafunzo mengi kwa mhakiki wa lugha. Kwanza, pande zote mbili zilizungumzia majani yaleyale, lakini hazikuzungumzia kitu kimoja. Embu ilisema zao. Pwani ikasema dawa ya kulevya. Kila upande ulikuwa na maandishi ya kushika mkononi. Sheria ya Mazao ya mwaka 2013, pamoja na kanuni za miraa za mwaka 2023, inalitambua jani hilo kama zao la biashara. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti dawa za kulevya. Taifa limelipa jani moja majina mawili, kisha likashangaa watu wanapogombana.

Pili, ulimwengu wa nje haukusaidia kuondoa utata huo. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013 na Uingereza ikafuata Juni 2014. Nchini Kenya wakati huo katazo la Uingereza lilijadiliwa zaidi kama msiba wa mkulima wa Meru kuliko kama swali la afya ya mtafunaji. Miaka 10 baadaye, pwani ilipotaka kukataza, jibu lilikuwa lilelile: mkulima je? Swali hilo ni la haki. Lakini linaonyesha kwamba uzito wa neno dawa ya kulevya hupanda na kushuka kwa kutegemea nani anauza, na ana kura ngapi.

Tatu, na hili ni la kuikosoa pwani yenyewe, mzungumzaji wa Kilifi aliyekuwa akililia muguka uondolewe aghalabu hakulitaja tembo. Kileo cha nyumbani kilibaki kuwa mila na kileo cha mgeni kikawa sumu. Yawezekana kwamba muguka una madhara makubwa zaidi kwa mtoto wa shule, kwa kuwa ni rahisi kununua na hauna mzee wa kuugawa kwa kadzama. Hoja hiyo ikitolewa kwa ushahidi, ni hoja nzuri. Lakini ikitolewa kwa kusema tu kwamba jani limetoka bara, haiwi hoja ya maadili tena. Inakuwa hoja ya mpaka.

3. UNGA: KUTOKA MTEJA HADI TEJA

Heroini ilianza kujulikana katika miji ya kitalii ya Malindi na Watamu miaka ya 1980. Mwanzoni ilikuwa ya rangi ya kahawia, ikivutwa; kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ilikuja nyeupe, na matumizi ya sindano yakaenea. Kitu hiki hakikuwa na mgema wala kadzama. Lugha ililazimika kukibunia msamiati haraka, na msamiati huo ulibuniwa mtaani na watu walioumizwa nacho.

Neno la kwanza ni unga. Katika nyumba ya pwani unga ni sima, na sima ni uhai. Kukiita kitu kinachoua kwa jina la chakula cha kila siku ni kinaya kikali, hasa kinapoambatana na kitenzi kula. Mla unga ni mtu aliyeacha kula unga. Neno la pili ni arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa heroini. Kiswahili rasmi hakina neno moja linaloweza kushindana na hili. Msemaji hahitaji kueleza kutetemeka, kuharisha, maumivu ya mifupa na kukosa usingizi. Neno moja hubeba yote. Waswahili husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Arosto ni neno lililotoka kaburini, likasemwa na maiti mwenyewe.

Neno la tatu ndilo lenye uzito zaidi katika mjadala huu: teja, wingi wake mateja. Asili yake ni mteja, mtu anayenunua dukani au anayehudumiwa. Mtaa ulimwona mtumiaji wa heroini kama mnunuzi asiyekosa kurudi. Kwa jina hilo mtaa ulitoa uchambuzi wa uchumi ambao sheria haikuutoa kwa uwazi huo: penye mteja pana duka, na penye duka pana mwenye duka.

Lakini tuangalie sarufi. Mteja na wateja ni maneno ya ngeli ya M-WA, ngeli ya mtu na watu. Teja na mateja yamehamia ngeli ya JI-MA. Ni kweli kwamba ngeli hiyo ina watu wa heshima pia: bwana, waziri, shujaa, daktari. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba kila nomino ya JI-MA inamdharau mtu. Linalotakiwa kuzingatiwa ni mwendo. Neno lililokuwa na kiambishi cha mtu limevuliwa kiambishi hicho, likawekwa pamoja na jambazi, jangili na jizi. Kinywani mwa mtu mwenye hasira hata upatanisho hubadilika, na badala ya teja amekamatwa husikika teja limekamatwa. Mlevi wa tembo hakupata msiba huu. Anadharauliwa, anachekwa, anatungiwa nyimbo, lakini amebaki mlevi, na wenzake walevi, ndani ya M-WA.

Lugha rasmi imejaribu kutibu jeraha hilo kwa neno mraibu. Neno hilo lina historia ya kupendeza. Katika Kiswahili cha zamani uraibu ulihusu tambuu, popoo na tumbaku, vitu vilivyotafunwa kwa starehe na kutolewa kwa mgeni kama heshima. Kumwita mtumiaji wa heroini mraibu ni kumrejesha katika ngeli ya watu na katika sebule ya watu. Hata hivyo neno hilo bado ni la semina na magazeti. Mtaani Malindi mama hasemi kwamba mwanawe ni mraibu.

4. SHERIA NA WATU WAWILI WALIOITWA JINA MOJA

Sheria ya Kenya ya kudhibiti dawa za kulevya ilitungwa mwaka 1994, na ilitungwa kwa Kiingereza. Kwa bangi, ilimtenga aliyeshika kwa matumizi yake mwenyewe, ikampa hadi miaka 10 jela, na wengine hadi miaka 20. Kwa heroini mlango wa namna hiyo ulikuwa mzito zaidi: aliyeshika kwa matumizi yake mwenyewe aliweza kupewa hadi miaka 20 jela, na kwa wengine kupatikana nayo kuliweza kuleta kifungo cha maisha, pamoja na faini isiyopungua shilingi milioni 1. Kwa maandishi, basi, kijana mwenye kete moja mfukoni na tajiri mwenye magunia ghalani walisimama karibu mno. Marekebisho ya mwaka 2022 yalipanga adhabu za biashara kwa kufuata uzani, jambo ambalo ni hatua, ingawa msingi wa kuadhibu umebaki.

Kiswahili cha mahakamani humwita mfanyabiashara mlanguzi. Msomaji wa Tanzania atakumbuka kwamba mwaka 1983, katika kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, mlanguzi alikuwa mtu aliyeficha sukari na sabuni ili auze kwa bei ya kuruka. Maana hiyo ya zamani ina busara: mlanguzi ni anayepata faida kutokana na dhiki ya mwingine. Kwa kipimo hicho teja si mlanguzi, hata akiuza kete mbili ili apate yake ya tatu. Sheria ikimwita mlanguzi, inakuwa imetumia neno bila maana yake.

Matukio yanathibitisha jambo hili. Desemba 2004 kokeini ya zaidi ya tani moja ilinaswa Nairobi na Malindi. Iliteketezwa Machi 2006. Shehena ya ukubwa huo haikuletwa na mvuvi, wala haikukusudiwa vijana wa vichochoroni. Ndugu wa familia ya Akasha wa Mombasa walikamatwa Novemba 2014, kesi ikakokotwa mahakamani Kenya, na hatimaye, baada ya kupelekwa Marekani Januari 2017, Baktash Akasha akahukumiwa miaka 25 mjini New York mwaka 2019. Katika muda huohuo mahakama za pwani hazikukosa vijana wa kufunga. Fasihi imeliona pengo hili. Hadithi fupi ya Ali Abdulla Ali, "Mkubwa", iliyomo katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016), inaifungamanisha biashara ya unga na tamaa ya uongozi. Mwandishi alijua kwamba mwenye duka hakai kichochoroni.

Kiswahili kina neno lingine linalofaa kukumbukwa hapa. Kasumba ni afyuni. Lakini wazungumzaji waliliongezea maana ya fikra iliyopandikizwa mpaka mtu asiweze kuihoji. Kuamini kwamba jela peke yake huponya arosto ni kasumba katika maana hiyo ya pili.

5. HOJA YA WAKATAZAJI

Haitakuwa haki kuwahakiki wanaotaka katazo bila kuisikiliza hoja yao katika nguvu yake yote. Mzazi wa Malindi aliyeuziwa mabati ya nyumba na mwanawe mwenyewe hahitaji kufundishwa ngeli. Imamu anayemzika kijana wa miaka 20 ana haki ya kusema haramu kwa sauti kubwa. Waswahili husema mchelea mwana kulia hulia yeye. Jamii isiyoweza kusema hapana kwa lolote si jamii huru, ni soko. Tena, katazo likiondolewa lote kwa siku moja, wa kwanza kunufaika atakuwa yuleyule mwenye duka, safari hii akiwa na leseni.

Kwa hiyo swali halipaswi kuwa kama jamii iwe na katazo au isiwe nalo. Swali ni katazo linamwelekea nani, na linamwacha nani bila jina. Mwaka 2012, mpango wa kugawa sindano safi ili kuzuia ukimwi ulipotangazwa, baadhi ya viongozi wa dini pwani waliupinga, wakauona ni kuhalalisha maovu. Hofu yao ilikuwa ya kweli, lakini ilisimama juu ya neno moja, kuhalalisha, ambalo halikuwa sahihi. Anayempa mgonjwa sindano safi hajasema kwamba heroini ni halali. Amesema kwamba mgonjwa yu hai, na kwamba kuna ugonjwa wa pili unaoweza kuepukwa.

6. DAWA IRUDIPO KUWA DAWA

Malindi yenyewe imetoa mfano wa lugha nyingine. Tangu mwaka 1995 Omari Project imekuwa ikiwasaidia watumiaji wa heroini mjini humo kuacha na kuanza upya. Mwaka 2015 hospitali ya Malindi ikaanza kutoa methadoni, dawa ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu ili arosto isimrudishe kichochoroni. Tanzania ilikuwa imetangulia kwa kuanzisha huduma hiyo Muhimbili mwaka 2011.

Katika kliniki hiyo maneno hubadilika kazi. Dawa, lililokuwa limetekwa na kishazi dawa za kulevya, hurudi kuwa dawa. Kijana aliyeitwa teja huandikwa jina lake na kuitwa kwa zamu yake. Na neno mteja, ambalo hospitali nazo hulitumia kwa anayehudumiwa, humrudia likiwa na kiambishi chake cha utu. Haya si mabadiliko ya adabu tu. Aliyeitwa teja akiona polisi hukimbia, na akiona hospitali hukimbia pia kwa kudhani ni mlango wa nyuma wa polisi. Aliyeitwa mgonjwa anaweza kuja kesho. Na matibabu ya kila siku hayawezekani kwa mtu asiyeweza kuja kesho.

Pingamizi moja yafaa lijibiwe. Husemwa kwamba methadoni nayo ni dawa ya jamii ya afyuni, kwa hiyo serikali inakataza kwa mkono wa kulia na kugawa kwa mkono wa kushoto. Ni kweli kwamba ni ya jamii hiyo. Lakini hapo ndipo mgema wa methali anapokuwa mwalimu. Kipimo chake hakikuwa kitu peke yake. Kilikuwa uaminifu wa anayekitoa kwa anayekipokea. Anayetoa methadoni hapati faida mgonjwa anapozidi kuumwa. Mlanguzi huipata.

HITIMISHO

Uchunguzi huu unaonyesha kwamba vileo vitatu vya pwani vimehukumiwa kwa vipimo vitatu: tembo kwa kipimo cha tabaka, muguka kwa kipimo cha mpaka na kura, unga kwa kipimo cha woga. Kipimo cha madhara na tiba kimekuja mwisho, na bado hakijakaa vyema ndani ya lugha ya sheria.

Kazi ya idara za Kiswahili ni dhahiri. Katiba ya mwaka 2010 imekitangaza Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini mshtakiwa wa Malindi bado anahukumiwa kwa maandishi ambayo hupewa maana yake na mkalimani katika dakika chache za asubuhi yenye kesi nyingi. Tafsiri makini ya sheria hii, yenye kutenga mlanguzi, mchuuzi, mtumiaji na mgonjwa kwa maneno ambayo mama wa Shella au Kisumu Ndogo angeyatambua, ni kazi ya kitaaluma inayoweza kupunguza dhuluma. Haihitaji kusubiri Bunge ili ianze.

Katama Mkangi, mwana wa Kilifi, hakuandika kuhusu unga katika riwaya yake Walenisi (1995). Aliandika kuhusu Dzombo, mtu aliyehukumiwa na kupakiwa katika chombo cha kumpeleka kifoni, akafika nchi ambayo jina lake, likitenganishwa, lasomeka wale ni sisi. Mjadala wa katazo katika pwani hii umejaa neno wale: wale mateja, wale wa bara, wale wa mangwe. Hata sheria iliyo kali, ikiwa ya haki, itaandikwa na watu waliokwisha kuisoma sentensi hiyo mpaka mwisho.